Kiwavi Ndani ya Tufaha

Ilianza na ngozi ya Mieszko.
Vipele nyuma ya magoti, mwasho usiku kucha,
na shuka asubuhi lina vidoa vyekundu
vidogo kama vichwa vya pini.
Bogna akageuza kila pakiti, akaisoma mgongoni
kama mtu anayesoma hati ya mashtaka.
"Namba," akasema. "Tunawalisha watoto namba."

Jumapili ile kabati likamwagwa lote:
supu za unga, jeli ya kijani ambayo ningeapa inang'aa gizani,
na soseji za rangi ya waridi ambazo mimi, nakiri,
nilizipenda kuliko baadhi ya mashemeji zangu.

Sisi si matajiri.
Mimi naendesha tramu hapa Łódź,
yeye anachonga meno ya bandia, meno ya watu wengine.
Yai la kuku aliyetembea juani
lina bei ya mayai matatu ya kuku asiyejua jua ni nini.
Tulipiga hesabu mezani, penseli ikavunjika mara mbili.
Tukafuta sinema. Tukafuta viatu vyangu vipya.
Nyama ikawa mgeni wa Jumapili tu;
siku ya tatu haikufika, jembe hatukumpa.

Jumamosi, baridi ya kukata masikio,
tukaenda sokoni kwa Mama Kunegunda,
mwenye vidole vyekundu kama bitiruti zake.
Karoti zake zina miguu miwili, mingine mitatu,
zimepandiana, zimekumbatiana,
udongo ungali umezishika, hautaki kuziachia.
Mieszko akazitazama kwa huruma.
"Baba, nani amezichafua?"

Sikuwa na jibu.
Nililipa.

Wiki ya kwanza ilikuwa vita.
Uji wa shayiri uliruka, ukagonga ukuta, ukakauka,
ukawa ramani ya nchi isiyo na sukari.
Jagna, mwenye meno sita,
alikula kila kitu bila kulalamika,
pamoja na kona ya gazeti.
Bafuni, kabichi ikachacha ndani ya gudulia,
usiku ikapumua, bwiku, bwiku,
hata jirani wa chini akapanda ngazi kuuliza
kama tumefuga bata.

Na mimi?
Kituo cha mwisho, mapumziko ya dakika kumi na moja,
kuna kibanda, na kibandani mna mvuke, na ndani ya mvuke
mna kila nilichoapa kukiacha.
Nilikula nimesimama, nimegeukia ukuta,
kisha nikatafuna majani ya mnanaa njia nzima ya kurudi.
Siku ishirini na mbili.
Siku ya ishirini na tatu nikazunguka nyuma ya kibanda,
nikamkuta Bogna,
haradali kidevuni.

Tulitazamana kama wezi wawili
waliokutana dirishani kwa nyumba moja.
Abiria wangu wakagonga kioo cha tramu.
Akanikatia nusu yake.

Hatukurudi tulikotoka. Hatukufika tulikokusudia.
Mkate tunaoka wenyewe, mweusi, mzito,
ukiuangusha uombe radhi sakafu.
Soseji ina siku yake, mara moja kwa mwezi, mchana kweupe, sote wanne.
Magoti ya Mieszko yamepoa; viwiko bado.
Daktari anasema huenda ni chakula,
huenda ni sabuni, huenda ni umri tu.
Bogna hupenda "huenda" ya kwanza.
Mimi nanyamaza, namenya vitunguu.

Mwezi wa tisa, tufaha la Mama Kunegunda,
dogo, lenye makovu, limepinda upande mmoja.
Mieszko akang'ata, akasita, akachungulia ndani.
Nikasubiri kilio.
Akamtoa kwa ncha ya kidole,
mweupe, mnene, amekerwa kuamshwa,
akampa jina Eustachy
na nyumba ndani ya kiberiti.

"Mama," akasema, akiendelea kutafuna,
"huyu kaonja kabla yetu.
Na hajafa."